Mpiga picha wa Kigoma anauza muda

Vijana wengi wananitumia ujumbe wakitaka kuanza kazi ya picha, na swali la kwanza karibu kila mara ni kamera: kaka, ninunue ipi? Huwa nawajibu kwamba kamera tutaizungumza, ila kwanza niambie una muda kiasi gani. Nimezunguka mwaka mzima na begi mgongoni, Katonga, Kasulu, Ujiji, hadi Tabora, na nimeamini kwamba kwa sisi tunaojitegemea huku magharibi, picha nzuri inatokana na kukaa, na hela inatokana na kujua kutoza huko kukaa. Haya ninayoandika hapa ni kwa ajili ya mdogo wangu anayeanza, awe Mwanga hapa mjini Kigoma, Kibondo au Urambo.

Nianze na jua. Nchi nzima tunafuata saa moja, lakini Kigoma iko mbali sana magharibi, hivyo jua linachelewa kwetu kwa karibu dakika 40 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mtu aliyezaliwa hapa hata halioni hilo, kwa sababu ndiyo maisha yake. Mpiga picha lazima alione. Machweo huku yanakuwa karibu na saa moja jioni, na mwezi wa pili yanapita kabisa saa moja. Mwanga ule laini, wa dhahabu, unaanza kuja kuanzia saa kumi na mbili. Sasa familia inakuja kutoka Dar kumwoza kijana wao nyumbani, na kamati imeshapanga ratiba kulekule: maharusi wapigwe picha kando ya Ziwa Tanganyika saa kumi jioni, saa kumi na mbili wawe wanaingia ukumbini. Saa kumi jua la Kigoma bado linachoma, bibi harusi anakunja uso, poda inayeyuka. Halafu wakati ziwa linageuka rangi na milima ya Kongo inajichora upande wa pili, wao wako ndani ya ukumbi chini ya taa za bluu.

Kwa hiyo mimi siku hizi naomba nafasi kwenye kikao cha kamati, kile cha mwisho kabla ya shughuli. Sihitaji muda mrefu. Nawaonyesha kwenye simu picha mbili za sehemu ileile ya ufukwe, moja ya saa kumi na nyingine ya saa kumi na mbili na nusu, na kuwaomba wasogeze kuingia ukumbini kwa saa moja. Mwenyekiti akikubali, mshereheshaji hana neno. Hili ni jambo ambalo hakuna lenzi itakufanyia. Ukikaa kimya kwenye kikao utapiga picha za wastani, na lawama itakuwa yako.

Na mchana je? Jua linafika juu kabisa kama saa saba, si saa sita. Mapema Machi na mapema Oktoba linakaa utosini hasa, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Hapo usibishane na jua. Watoe watu kwenye uwanja, wapeleke barazani au chini ya mwembe, wageuze nyuso zao waangalie nje kwenye mwanga. Chini ya mwembe majani yanaleta ukijani kwenye ngozi, hivyo rekebisha rangi ya mwanga kwenye kamera kabla hujaanza. Pima mwanga usoni kwa bibi harusi, usipime kwenye gauni, kwa sababu kamera ikilifuata gauni jeupe itamtia giza mwenye gauni lake. Ngozi zetu ni nzuri sana zikipewa mwanga wa upande. Zikipigwa flashi ya usoni moja kwa moja zinang'aa paji na kupotea mashavu. Elekeza flashi darini kama dari ni jeupe. Mengine utayajua kwa mazoezi.

Sasa nije mwaloni, kule boti za uvuvi zinakoshusha samaki, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Taa inavuta dagaa juu, nyavu zinawekwa, na ukisimama kilimani usiku wa giza unaona ziwa limejaa nuru kama mji mwingine. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, na siku zile za mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii majini. Maana yake kalenda ya mpiga picha mwaloni ni mwezi wa angani. Mteja akikwambia anataka picha za taa ziwani wikiendi fulani, angalia mwezi kwanza, halafu ndipo umpe tarehe. Akikwambia anataka sura za wavuvi, mikono yao, nyavu zikishonwa, maboti yakizibwa nyufa, basi mpeleke siku za mbalamwezi, kwa sababu hapo wapo ufukweni, wamepumzika, na wana nafasi ya kuongea na mtu.

Kuna na kalenda nyingine juu ya hiyo. Kusi likivuma, kuanzia kama Mei hadi Agosti, mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea, na safari ya boti uliyoipanga asubuhi inaweza kusogea hadi kesho. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisitishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mpiga picha asiyefuatilia taarifa kama hizo anaahidi mteja picha za dagaa na kukuta mwalo umenyamaza. Agosti na Septemba mashamba yanachomwa, moshi unafunika anga na milima ya Kongo inapotea kabisa. Ukitaka kuiona wazi, subiri mvua inyeshe, halafu jioni yake uwe ufukweni.

Nataka nieleze asubuhi moja ya Katonga, kwa sababu inaonyesha ninachokisema. Upande wa mashariki kuna vilima, kwa hiyo jua likichomoza bado ufukwe uko kivulini kwa muda. Boti zinaingia, kelele, madalali, ndoo, watoto. Wapiga picha wengi wanapiga hapo, kwenye kelele, halafu wanaondoka kunywa chai. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama mmoja mwenye kichanja cha kuanikia. Nilimwamkia, nikamsaidia kushika pembe ya wavu aliokuwa anautandika juu ya kichanja, na kamera ilikuwa bado kwenye begi. Akamwaga dagaa wabichi, akaanza kuwatawanya kwa kiganja, mkono unakwenda kwa duara, taratibu, mpaka hakuna aliyemlalia mwenzake. Kisha jua likavuka kilima. Mwanga ulikuja ukitambaa juu ya kichanja, dagaa wakawaka fedha mmoja mmoja, na yeye akainua macho akaniambia, "Haya, sasa piga, mbona umekaa tu?" Nilichuchumaa usawa wa kichanja, nikapunguza mwanga kwenye kamera ili ile fedha isiungue ikawa weupe mtupu, nikapiga. Ile ndiyo picha watu wanayoniulizia mpaka leo. Ilichukua sekunde chache kuipiga, na asubuhi nzima kuifikia.

Ukienda mwaloni, usianze na kamera. Jitambulishe kwa uongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia mwalo, waeleze picha ni za nini na zitaonekana wapi. Nunua dagaa. Wazee waamkie kwanza, na uwaachie wao waulize habari zako wanavyotaka, hata kama jua linakukimbilia. Mtu akikukatalia, shukuru na usogee. Kesho yake anaweza kukuita mwenyewe, nimeliona hilo mara nyingi.

Habari ya kukaa haikuanza na mimi. Kaskazini mwa mji wetu, mwendo wa boti kutoka Kibirizi, iko Hifadhi ya Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960, na miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wanamkimbia. Alikaa. Alikaa juu kilimani na darubini yake hadi sokwe mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, alipoacha kumwogopa, na ndipo dunia ikajua kwamba sokwe wanatengeneza vifaa vya kuvulia mchwa. Mpiga picha Hugo van Lawick alikuja mwaka 1962, na picha nyingi za miaka ile tunazozifahamu ni kazi yake. Napenda kumkumbusha kila kijana wa Kigoma kwamba moja ya kazi kubwa za picha za wanyama duniani ilifanyika hapa kwetu, kwenye hifadhi ndogo tu, na mtaji wake mkubwa ulikuwa uvumilivu.

Ukipata mteja wa Gombe leo, yeye mwenyewe hana huo muda. Kukaa karibu na sokwe kuna kikomo, kwa kawaida saa moja, kwa umbali uliowekwa na hifadhi, flashi marufuku, na mwenye mafua haruhusiwi kuwasogelea kwa sababu magonjwa yetu yanawapata. Usimshawishi muongozaji avunje lolote kati ya hayo. Msituni ni giza, na sokwe ni mweusi. Kamera ikiona weusi mwingi inadhani picha ina giza, inaongeza mwanga, na mandhari ya nyuma yanaungua. Punguza kidogo. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, chembechembe kwenye picha si dhambi, lakini sokwe aliyetikisika hana dawa. Na mweleze mteja mapema kwamba siku mbili ni bora kuliko moja. Kwenye bei zangu za Gombe naweka siku mbili, na anayetaka moja namwambia wazi nini atakosa.

Ujiji ni mji mwingine kabisa ingawa ni Kigoma hiyohiyo. Wageni wanakuja kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wanasimama mbele ya mnara, wanapigwa picha, wanaondoka. Mimi nawaomba waniongezee saa moja tuingie mitaani, kwenye nyumba za udongo zenye milango ya zamani, michikichi, mafundi wa boti chini kule. Wengi wanakubali, na karibu wote wanachagua picha za ile saa ya ziada.

Lakini mafunzo makubwa ya Ujiji nimeyapata kwenye harusi. Shughuli nyingi ni za Kiislamu, na kuna sehemu ya wanawake ambayo mwanamume huna kazi nayo. Usiombe kuingia, usichungulie, usimtumie mtoto na kamera. Nafanya kazi na dada mmoja mpiga picha ambaye anaingia kule ndani, anapiga kila kitu, na memori kadi yake inakwenda kwa mama wa bibi harusi kwanza. Wao ndio wanachagua kipi kitoke na kipi kibaki kwao. Picha za kule ndani mimi sizihariri wala sizioni. Nalipa huyo dada kiwango sawa na changu kwa sababu kazi ni sawa. Kijana, ukitaka kudumu Ujiji tafuta mwenzako wa kike na umheshimu. Na akina dada mnaosoma hapa, kuna kazi nyingi sana inawasubiri, na waliopo ni wachache.

Suala la ridhaa si adabu peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Ninabeba fomu fupi ya Kiswahili, mistari michache tu: picha ni ya nini, itatumika wapi, nani ameruhusu, simu yake. Kwa mtoto anasaini mzazi. Asiyejua kusoma namsomea mbele ya jirani yake na anaweka dole gumba. Na picha ya harusi ya mtu siiweki kwenye ukurasa wangu mpaka maharusi waseme ndiyo, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Tuje kwenye fedha, maana kazi hii ina watoto nyumbani wanaoisubiri. Wengi wetu tunatoza kwa idadi ya picha au kwa siku ya kupiga. Kwa mazingira yetu hilo linakumaliza. Chukua mfano wa mashirika yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo. Wanakuita siku mbili. Siku ya kwenda hujapiga picha, siku ya kurudi hujapiga, na kama kazi iko ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, bila kibali huingii, na kibali kinaweza kukukuta umekaa nyumba ya wageni unahesabu dari. Nani analipia siku hizo? Andika kwenye makubaliano: siku ya kazi kiasi fulani, siku ya safari na ya kusubiri nusu yake, nauli na malazi juu ya mteja. Waliokataa ni wachache mno. Wanaozoea kazi hizi wanaelewa, wanachosubiri ni wewe uliseme.

Nachukua nusu ya malipo kabla sijafunga tarehe, na nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi picha zote. Taasisi moja ilinizungusha miezi kwa kisingizio cha saini ya bosi, na toka hapo kila mkataba wangu una tarehe ya mwisho ya kulipa na jina la anayehusika. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi, wateja wakubwa hawalipi bila risiti. Andika pia nani anamiliki picha baada ya kazi, na kama unaweza kuzitumia kwenye maonyesho yako. Kuhusu droni: usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usielekeze kamera bandarini au uwanja wa ndege bila ruhusa ya wenyewe. Kibali kinachukua muda. Uweke muda huo kwenye bei.

Safari ya Tabora naipenda kwa treni. Njia inapita Uvinza, penye chumvi, inavuka Malagarasi, inapita Kaliua na Urambo, na dirishani unaona miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, wachuuzi wa asali stesheni. Tabora jua linatangulia la kwetu kwa kama dakika 13, na vumbi la kiangazi linaingia kila mahali. Usibadilishe lenzi ukiwa nje ukiweza kuliepuka. Geuza kamera mdomo chini kama ni lazima, na iwe imezimwa. Ndani ya treni begi langu la kamera halina jina la kampuni wala rangi ya kuvutia, na usiku nalilalia.

Ziwani ni kinyume chake, adui ni maji na unyevu. Mabegi maalumu yasiyopitisha maji ni ghali na kuyapata huku si rahisi. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, ya zile zinazokuja na rangi ya ukuta. Naiosha vizuri, naikausha, natandika khanga kuukuu ndani, kamera inakaa katikati, lenzi pembeni, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu navitupia humo. Boti ikipigwa na wimbi, ndoo inalowa na kamera inabaki kavu. Abiria wanadhani ndoo ina dagaa au mahindi, hakuna anayeishangaa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi kama nusu saa kabla ya kuifungua nje, la sivyo lenzi inajaa ukungu. Na usiihifadhi kwenye kabati lenye giza na unyevu masika nzima, kuvu wanaota ndani ya kioo.

Picha zikishapigwa ziwe mahali patatu kabla hujalala: kwenye kadi, kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje. Diski moja isikae nyumba moja na kompyuta. Kutuma picha kwa mteja natumia bando la usiku, intaneti inakuwa na nafasi.

Kwa hiyo kamera ipi? Yoyote unayoimudu yenye nafasi mbili za kadi, hata iliyotumika, na ukishainunua, hela ya ziada ipeleke kwenye betri ya pili na ya tatu kabla ya lenzi mpya. Vijiji vingi vya mwambao unachaji kwenye kibanda cha sola kwa malipo kidogo, na kibanda kinafungwa jua likizama.

Bado kuna gharama moja ambayo wengi hawaiweki kwenye bajeti, ya kusafisha picha na kuzirudisha kwa waliopigwa. Mimi kila kazi ya mwaloni au kijijini ninatenga fedha ya nakala kadhaa za sentimita 10 kwa 15, na nauli ya kuzipeleka. Mama wa Katonga alipewa yake. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kwa nini sikumwambia avue ile khanga ya kazini avae nyingine, na tukakubaliana nirudi siku ya Idi akiwa na wajukuu wake. Hiyo kazi hailipwi na mtu, na nimeshaiandika kwenye kalenda pamoja na zinazolipwa.